Je, Kuupenda Uzuri wa Maumbile Kunatosha? Somo Kutoka Japani



Vijana wenzangu, leo tuzungumze juu ya hoja moja ambayo kijana Mkatoliki aliye chuoni au kazini atakutana nayo siku yoyote, kama bado hajakutana nayo. Inasemwa hivi: Ukristo ndio ulioiharibu dunia, kwa sababu umewafundisha watu kwamba wao ni watawala na viumbe vingine vyote vipo kwa ajili ya kuwatumikia. Halafu msemaji anaongeza: watazameni Wajapani. Kwao mti una heshima yake, mlima una heshima yake, hata jiwe. Tungekuwa na moyo kama wao, tusingefika hapa tulipo.

Hoja hii haisemwi vijiweni tu. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani aitwaye Lynn White aliandika makala katika jarida la Science akidai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira ipo katika namna Wakristo wa Magharibi walivyomwelewa mwanadamu na nafasi yake duniani. Makala ile imesomwa na kubishaniwa mpaka leo. Wengi wanaoitaja husahau kwamba White mwenyewe alikuwa Mkristo, na kwamba mwishoni alipendekeza Mtakatifu Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaotunza mazingira. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Fransisko kuwa msimamizi wao kweli.

Sitaki tuijibu hoja hii kwa kusema "wanatuonea" halafu tukaendelea na mambo yetu. Ina ukweli ndani yake. Wapo Wakristo waliolisoma neno "kutawala" katika kitabu cha Mwanzo kama kibali cha kunyonya, wakaruka sura inayofuata, ambamo Mungu anamweka mtu bustanini ili ailime na kuitunza. Lakini hoja ina upande wa pili, nao mara nyingi unapita bila kuulizwa. Je, ni kweli kwamba watu wakiwa na moyo wa kuyaheshimu maumbile, maumbile yatakuwa salama? Japani inatusaidia kulijibu swali hilo, maana kule moyo huo upo, tena wa siku nyingi.

Tuanze na yaliyo mazuri, maana ni mengi.

Katika Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, kuna kitu kiitwacho kami. Wengine hutafsiri "miungu", lakini neno hilo halitoshi. Kami ni ile nguvu au uwepo unaomfanya mtu anyamaze na kuinamisha kichwa: maporomoko ya maji, mti wenye umri wa mamia ya miaka, mlima kama Fuji. Mti wa namna hiyo hufungwa kamba nene ya majani ya mpunga, iitwayo shimenawa, kuonyesha kwamba hapa ni mahali patakatifu. Mahekalu mengi ya Shinto yamezungukwa na msitu wake mdogo ambao kwa desturi haukatwi ovyo.

Kabla ya kula, Mjapani hukutanisha viganja na kusema "itadakimasu". Ni kitenzi cha unyenyekevu chenye maana ya "napokea". Wengi wao hueleza kwamba wanashukuru uhai wa mmea na mnyama uliotolewa ili wao waishi, pamoja na mikono ya waliolima, waliovua na waliopika. Wana pia siku ya kuzikumbuka sindano zilizovunjika: mafundi wa nguo huzipeleka hekaluni na kuzichoma ndani ya tofu, kitu laini, kama kuzipumzisha baada ya kazi ngumu. Wewe unaweza kucheka. Mimi nikifikiria vitu tunavyotupa bila hata kuviangalia, sicheki.

Na kuna neno "mottainai". Husemwa kitu chenye thamani kinapopotezwa bure: punje za wali zilizobaki kwenye bakuli, karatasi iliyoandikwa upande mmoja ikatupwa. Ni kama mtu anasema "jamani, inasikitisha, hiki hakikustahili kutendewa hivi". Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alilisikia neno hili alipotembelea Japani mwaka 2005, akalipenda, akalibeba hadi kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa. Mama yule alisomeshwa na masista wa Kikatoliki, na alikwishatumia miaka mingi kupanda miti na wanawake wa vijijini. Hakuona shida kujifunza neno zuri kutoka kwa watu wa imani nyingine.

Nasi tusione shida. Hatuabudu mti, wala hatuamini kwamba mlima ni mungu. Tunaamini vyote vimeumbwa. Lakini mtu anayeamini kwamba kila kiumbe kimetoka mikononi mwa Mungu angetakiwa kukiheshimu zaidi. Katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko aliyataja mafundisho ya maaskofu wa Japani kuhusu namna viumbe vinavyotuambia habari za Mungu. Kanisa zima limejifunza kitu kutoka kwa Wakatoliki wale wachache.

Sasa twende kwenye upande mgumu.

Kusini magharibi mwa Japani, katika kisiwa cha Kyushu, kuna mji mdogo wa pwani uitwao Minamata. Watu wa vijiji vya kando ya bahari ile walikuwa wavuvi, na samaki ndiye aliyekuwa kitoweo chao kila siku. Mjini palikuwa na kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso. Kuanzia mwaka 1932 kiwanda kile kilikuwa kinamwaga baharini maji machafu yenye zebaki. Zebaki ikaingia kwa viumbe wadogo, kutoka kwao ikaingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikafika mezani.

Waliotangulia kuonyesha dalili ni paka. Walizunguka kama wanacheza ngoma, wakaanguka, wakafa. Halafu watu. Mikono ikatetemeka, macho yakapungua nguvu, maneno yakashindwa kutoka. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda chenyewe iliwaarifu maofisa wa afya kwamba kuna ugonjwa wa mfumo wa fahamu usiojulikana. Wakati ule wataalamu waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto tumboni dhidi ya sumu. Minamata ilionyesha sivyo: akina mama walijifungua watoto walioathirika vibaya, kwa sababu sumu ilikuwa imepita kwa mama ikaenda kwa mtoto.

Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema wazi kwamba wanaishuku zebaki. Mwaka huohuo daktari wa kampuni, Hosokawa Hajime, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua ugonjwa uleule. Kampuni haikuyatangaza majibu hayo. Serikali ilikuja kutamka rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo ni zebaki ya kiwanda. Hesabu mwenyewe: toka 1959 mpaka 1968 ni miaka 9, na katika miaka hiyo 9 watu waliendelea kula. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi ni zaidi ya 2,000, na maelfu mengi wengine wamedai haki yao kwa miaka mingi. Tena wagonjwa walitengwa na majirani zao. Mji ulikuwa unaishi kwa kiwanda, kwa hiyo aliyelalamika alionekana adui wa mkate wa wengine.

Ndugu yangu, tutulie hapa kidogo. Hii ni nchi ya itadakimasu. Wakubwa wa kampuni, maofisa wa wizara, majirani waliowageuzia migongo wagonjwa, bila shaka wengi wao walikunjua mikeka kila mwaka chini ya mcheri kutazama maua yakidondoka. Wengi waliinamisha vichwa mbele ya mti uliofungwa kamba. Wakati huohuo bahari ilikuwa inakufa.

Wala si mara moja tu. Mwaka 1906 serikali ya Japani, iliyokuwa inaitukuza Shinto kama dini ya taifa, iliamua kuunganisha mahekalu madogo ya vijijini. Maelfu kwa maelfu yalifungwa, na misitu yao mitakatifu mingi ikakatwa, mbao zikauzwa. Mwanasayansi Minakata Kumagusu alipinga kwa nguvu mpaka akawekwa mahabusu mwaka 1910. Yaani patakatifu palikatwa na watu waliokiri kwamba ni patakatifu.

Tusije tukafurahi hapa na kusema "kumbe na wao". Tukifanya hivyo tumepoteza somo. Swali langu ni hili: inawezekanaje mtu aipende bustani na kuisahau bahari?

Mimi naona jibu liko katika namna tunavyopenda. Kuna upendo unaochagua. Unachukua kilicho kizuri, kidogo, kilicho karibu na kinachotulia mikononi, unakitunza sana, na unadhani umevipenda vyote. Mti wa bonsai ni kazi ya uvumilivu wa ajabu, lakini ni mti uliokubali kukaa kwenye chungu. Ua la mcheri halimdai mtu chochote zaidi ya kutazamwa. Bahari ya Minamata ilidai. Ilidai kiwanda kisimamishwe, pesa zitoke, wakubwa waaibike. Hapo upendo wa kutazama ukafika mwisho wake.

Na sisi tunaujua upendo huo katika maisha ya imani. Mtu analia machozi ya kweli kwenye Njia ya Msalaba, halafu anampita mgonjwa getini. Hisia ni ya kweli, machozi si ya uongo. Ila hayajageuka kuwa mkono. Kristo alipoeleza hukumu ya mwisho hakuuliza ni nani aliyeguswa moyo. Alihesabu chakula kilichotolewa, nguo zilizovishwa, wagonjwa waliotembelewa.

Basi ni nini hulinda maumbile, kama hisia ya heshima haitoshi? Historia ileile ya Japani inajibu. Leo karibu theluthi mbili za ardhi ya Japani ni misitu, jambo la kushangaza kwa nchi yenye viwanda vingi na watu wengi. Wageni hudhani misitu hiyo imebaki kwa sababu Wajapani hawakuigusa. La hasha. Kufikia karne ya 17 waliikata sana kujenga majumba, mahekalu na miji, mpaka milima ikabaki uchi na mito ikaleta mafuriko. Kilichookoa hali ni sheria kali za watawala wa wakati ule, vijiji kukubaliana nani akate nini na lini, na baadaye kazi ya kupanda miti kizazi baada ya kizazi. Heshima ilikuwepo muda wote. Misitu ilianza kurudi heshima ilipopewa sheria, ratiba na jembe.

Mfano mwingine naupenda zaidi, kwa sababu unahusu vijana. Katikati ya jiji la Tokyo kuna hekalu la Meiji, lililofunguliwa mwaka 1920, lenye msitu wa karibu hekta 70. Ukiuona utadhani ni wa tangu zamani. Ulipandwa kwa mikono. Watu kutoka nchi nzima walitoa miti ipatayo laki moja, na vijana wa kujitolea zaidi ya laki moja walikuja kuchimba na kupanda. Wataalamu waliochora mpango, akiwemo Honda Seiroku, walichagua aina za miti kwa hesabu ya miaka mia na zaidi, wakijua wazi kwamba hawatauona msitu ukikomaa. Mpaka leo majani yanayodondoka njiani hufagiwa na kurudishwa msituni ili yaoze na kuilisha miti. Kila siku mtu anafagia. Hiyo ndiyo heshima ninayoitafuta, yenye ufagio mkononi.

Turudi Minamata, maana kuna mtu mmoja ambaye lazima tumsikilize. Ogata Masato ni mvuvi wa ukoo wa wavuvi. Alikuwa mtoto wa miaka 6 baba yake alipokufa kwa ugonjwa ule. Alipokua akapigana kwa miaka mingi kudai haki kutoka kampuni na serikali. Halafu mwaka 1985 akafanya jambo lililowashangaza wenzake: aliondoa ombi lake la kutambuliwa kama mgonjwa. Baadaye aliandika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Chisso Ilikuwa Mimi".

Tusielewe vibaya. Hakusema kampuni haina hatia, na wenzake walioendelea kudai fidia walikuwa na haki kabisa. Alichoona ni kwamba yeye naye anaendesha gari, anatumia plastiki, anaishi ndani ya maisha yaleyale yaliyokijenga kiwanda kile. Akajiuliza: ningekuwa mfanyakazi mle ndani, ningefanya tofauti? Hakuweza kuapa kwamba angefanya. Fedha inaweza kulipa deni mahakamani, lakini swali lile halilipiki kwa fedha. Yeye na wenzake walichonga sanamu ndogo za mawe na kuziweka kando ya bahari, juu ya ardhi iliyofukiwa ambako chini yake kuna tope la zebaki, ili kuwaombea watu, samaki, paka na ndege waliokufa.

Mtu huyu si Mkatoliki, lakini nikisoma habari zake naona kitu ambacho sisi tunakiita kutafuta dhamiri. Aliyeonewa, tena mwenye kila haki ya kunyoosha kidole, anakigeuza kidole kijielekeze kifuani pake. Ni wangapi kati yetu wanaoweza?

Na zebaki haikubaki Japani. Mwaka 2013 mataifa yalikutana mkoani Kumamoto kupitisha mkataba wa kuidhibiti, nao ukaitwa Mkataba wa Minamata. Nchi yetu ya Tanzania imo. Lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu bado wanachanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha wanaichoma ili dhahabu ibaki, na moshi wake unaingia mapafuni mwao na mwa watoto walio karibu. Wengi wa wachimbaji hao ni vijana wa rika letu, na wengine tunasali nao kanisa moja. Mvulana yule hahitaji kuambiwa kwamba dunia ni nzuri. Anahitaji njia nyingine ya kupata dhahabu, anahitaji kujua zebaki inafanya nini mwilini, na anahitaji watu wa kumsemea kabla hajaanza kutetemeka mikono.

Kuna jambo la lugha pia ambalo limenigusa. Wajapani husema "shizen", neno ambalo asili yake ni "hivyo kilivyo chenyewe". Sisi tunasema "mazingira", kutoka kuzingira. Neno hilo linatuweka katikati, vingine vyote vikiwa vimetuzunguka kama walinzi wa mfalme. Lakini Kiswahili kina neno lingine: "maumbile", kutoka kuumba. Ukisema maumbile umeshakiri kwamba yuko aliyeumba, na kwamba na wewe umo ndani, umeumbwa pamoja na mti na samaki. Nadhani jibu letu kwa wale wanaoulaumu Ukristo limefichwa hapo. Hatuhitaji kuufanya mti kuwa mungu ili tuuheshimu. Tunahitaji kukumbuka kwamba sisi si miungu.

Kwa hiyo ukiulizwa, ndugu yangu, kama Wajapani wanatuzidi kwa kuyaheshimu maumbile, jibu kwa ukweli: katika shukrani ya mezani na uchungu wa kuona kitu kikipotea bure, wana mengi ya kutufundisha, tuyapokee. Kisha ongeza kwamba Wajapani wenyewe, kwa machozi ya Minamata, wameifundisha dunia kuwa heshima isiyogeuka haki haiwakingi maskini wala samaki. Kupanda miti siku ya sherehe ya parokia ni jambo jema. Nani ataimwagilia mwezi wa tisa, picha zikishasahaulika?

Maswali ya kujitafakari wiki hii:

1. Sala yangu kabla ya chakula ni mazoea ya mdomo, au nafikiria kweli uhai na mikono iliyonifikishia sahani hii?

2. Katika mtaa wangu, ni mto, shimo la taka au mgodi gani ambao sote tunaukwepa kuutazama, na ni nani anayeumia kwa sababu yake?

3. Jumuiya yangu inaweza kuanza kazi gani ya utunzaji ambayo matunda yake sisi hatutayaona?

Tuombe: Ee Mungu uliyeumba bahari na wote waishio ndani yake, tujalie macho ya kuona uzuri, na usituache tuishie kutazama. Utupe ujasiri wa kukaribia palipoharibika, na uvumilivu wa kufagia kila siku. Uwapokee waliokufa kwa sumu tuliyoimwaga sisi wanadamu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.